Mtu wa Kwetu Katika Kiti cha Waziri Mkuu

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tukumbuke pia safari ya mtu wa kwetu, ambayo kwa sehemu kubwa imeambatana na yetu. Mheshimiwa Kassim Majaliwa, mwana wa Ruangwa, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu mwezi wa Novemba 2015, akatumika hadi Novemba 2025 chini ya Marais wawili. Tangu Uhuru, hakuna mtu wa Mkoa wa Lindi aliyepata kushika cheo hicho kabla yake.

Hakuanzia juu. Kwa kazi yake alikuwa mwalimu. Akatumika katika Chama cha Walimu, kisha akawa Mkuu wa Wilaya, Urambo ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ambako wakulima wa tumbaku wanaujua vema ushirika kwa faida zake na kwa taabu zake. Mwaka 2010 wananchi wa Ruangwa walimchagua kuwa Mbunge, naye akawa Naibu Waziri mwenye kuangalia elimu katika Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Alipoteuliwa, furaha ilikuwa kubwa toka Kilwa hadi Nachingwea. Watu waliozoea kungoja pantoni ya Rufiji, hata Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, walidhani kwamba sasa kilio cha Kusini kimepata sikio. Na kweli, Serikali ilifuta tozo kadhaa za korosho mwaka 2016, naye Waziri Mkuu akasimamia mwenyewe mazao makuu ya biashara, korosho ikiwamo.

Lakini mwaka 2018 ulitufundisha jambo jingine. Mwezi wa Juni Bunge lilibadili sheria, na ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu. Waziri Mkuu hakuweza kusimama nao, kwani yeye ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni, na Serikali hunena kwa kauli moja.

Mwezi wa Oktoba wakulima walizikataa bei za minada. Mwezi wa Novemba Waziri Mkuu aliwapa wanunuzi siku nne waeleze kiasi watakachonunua. Hayakupatikana ya kuridhisha, na Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaibeba. Bei ilifurahisha, malipo yakakawia. Ukafanyika uhakiki ili kuwabaini wanunuzi wa kangomba, na mkulima mwaminifu akangoja pamoja na mlanguzi, huku shamba likidai palizi na watoto wakidai sare za shule. Msimu wa 2019 tukarejea kwenye minada ya vyama.

Je, twaweza kusema mtu wetu alitusahau? La. Kusema hivyo ni kutoielewa kazi yake. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Waziri Mkuu huchezea uwanja wa nchi nzima: mkulima wa pamba wa Shinyanga na wa michikichi wa Kigoma nao wamtazama yeye. Kosa, kama lipo, ni letu tuliodhani kwamba jina moja kubwa Dodoma laweza kufanya kazi ya daftari safi, mzani wa haki na ghala lililofungwa vema.

Mwezi wa Julai 2025 alitangaza kwamba hatagombea tena ubunge wa Ruangwa. Ameondoka kwa heshima, nasi twamshukuru. Cheo ni dhamana. Humpitia mtu kisha kikaenda kwa mwingine. Chama chetu ndicho kinachobaki. Mkulima wa ufuta wa Kilwa na wa korosho wa Lindi watapata bei njema ikiwa viongozi wao wa ushirika watahesabu kila kilo mbele ya macho yao, na ikiwa wanachama watahudhuria mikutano, watauliza, na hawataondoka kabla ya kujibiwa. Hayo yamo mikononi mwetu wenyewe, wala hayangoji uteuzi wa mtu.