Boya la Kufungia Meli: Historia ya Gati Lisilogusa Ardhi

Boya la kufungia meli za mafuta ni chombo cha chuma cha mviringo kama ngoma, chenye upana wa mita 10 au zaidi, kinachoelea kwenye maji ya kina nje ya bandari na kushikwa na minyororo iliyotiwa nanga chini ya bahari. Halifanani na yale maboya madogo mekundu na ya kijani yanayoonyesha njia ya kuingilia bandarini. Hili lina kazi mbili kwa pamoja: kuishika meli isichukuliwe na upepo, na kupitisha mafuta kati ya meli hiyo na bomba linalolala chini ya bahari hadi kwenye matangi ya nchi kavu. Ni gati kamili, ila haligusi ardhi.

Kabla ya kuwapo kwa boya la namna hii, meli isiyoweza kuingia bandarini ilitia nanga nje na mzigo wake kufuatwa kwa matishari. Pwani ya Afrika Mashariki inaujua vizuri utaratibu huo. Tanga iliendelea nao kwa miongo mingi, meli zikisimama mbali na matishari yakienda na kurudi, mpaka bandari ilipochimbwa na gati kuboreshwa katika karne hii. Kwa magunia ya katani au saruji, njia hiyo ilikuwa ya polepole lakini iliwezekana. Mafuta ghafi ni habari nyingine. Shehena ya makumi ya maelfu ya tani, inayowaka na kuchafua, haifai kugawanywa katika vyombo vidogo vidogo. Inataka bomba, na bomba linataka meli iliyotulia.

Jawabu la kwanza lilikuwa kuifunga meli kwa maboya kadhaa. Meli ilishusha nanga zake mbili za omo, yaani mbele, kisha tezi, yaani nyuma, ikafungwa kwa kamba kwenye maboya matatu, manne au matano yaliyopangwa kwa nusu duara. Mpira wa mafuta ulinyanyuliwa kutoka chini ya bahari na kuunganishwa ubavuni. Mfumo huu ni wa bei nafuu na bado unatumika mahali penye bahari tulivu. Udhaifu wake uko kwenye upepo. Meli iliyofungwa omo na tezi haiwezi kugeuka. Upepo ukihama na kuipiga ubavuni, mzigo wote unaangukia kamba, na nahodha hana budi kufungua na kuondoka. Kwenye pwani inayopata kusi miezi kadhaa na kaskazi miezi mingine, mfumo kama huo una matatizo tangu mwanzo.

Vita vya Pili vya Dunia vilionyesha kwa gharama kubwa jinsi bahari inavyokitendea chombo kinachoelea. Mwezi Juni 1944, majeshi ya Washirika yalivuta sehemu za bandari mbili za kuunda, zilizopewa jina la Mulberry, kutoka Uingereza hadi fukwe za Normandie, Ufaransa. Ndani yake kulikuwa na gati zilizopanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, barabara za chuma zilizobebwa na vielea, na kwa nje safu ya vielea vikubwa vya chuma vilivyotiwa nanga ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Tarehe 19 Juni dhoruba ilianza na kuendelea kwa siku kadhaa. Vielea vya nje vilikatika, na bandari ya Wamarekani kwenye ufuko wa Omaha ikaharibika kiasi cha kuachwa. Ile ya Waingereza, huko Arromanches, ilinusurika na kuendelea kupokea shehena kwa miezi. Gati la kuelea liliwezekana. Swali gumu lilikuwa namna ya kulishika.

Jibu lililobadilisha biashara ya mafuta lilitoka Sweden mwishoni mwa miaka ya 1950, boya moja lilipotengenezwa kwa ajili ya jeshi la wanamaji. Muda mfupi baadaye kampuni ya Shell ililiendeleza wazo hilo kwa ajili ya meli za mafuta katika pwani ya Sarawak, kisiwani Borneo. Badala ya kuizuia meli isigeuke, wabunifu waliiacha igeuke itakavyo. Meli hufungwa kwa omo peke yake kwenye boya moja, nayo huzunguka na kuelekea kule upepo na mkondo vinakotoka, upande ambao maji huisumbua kidogo kuliko pande zote. Nguvu inayozielemea kamba hupungua sana, na kazi huweza kuendelea katika hali ya hewa ambayo ingefunga mfumo wa zamani.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo uzuri wake ulipo. Juu ya boya kuna meza inayozunguka juu ya gololi kubwa, na kamba nene za nailoni kutoka kwenye omo ya meli hufungwa hapo. Katikati yake kuna kiungo cha bomba kinachozunguka bila kuvujisha, ili mafuta yapite hata meli inapozunguka duara zima. Kutoka kwenye boya hadi meli, mipira ya mafuta huelea juu ya maji; chini yake, mipira mingine hushuka hadi kwenye mwisho wa bomba lililolazwa sakafuni mwa bahari. Minyororo, mara nyingi minne hadi minane, husambaa pande zote, kila mmoja ukiwa na urefu wa mamia ya mita. Haikazwi. Hulala kwa kupinda, sehemu yake kubwa ikiwa chini, na meli inapovuta, pingili huinuka moja baada ya nyingine kutoka kwenye mchanga. Uzito huo unaoinuliwa ndio unaoirudisha meli mahali pake pole pole, bila mshtuko wa kukata kitu. Boya hupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa bila kuhitaji mtu wa kulegeza kamba, jambo ambalo gati la zege haliwezi kulifanya.

Kazi ya kulitunza ni ya wapiga mbizi. Ndio wanaokagua minyororo inayolika kwa kusuguana, mipira inayochakaa kwa jua na chumvi, na viungo vilivyo gizani chini ya boya. Mpira ukipasuka mafuta yanapotiririka, uchafu huweza kufika ufukweni ndani ya saa chache. Usalama wa pwani nzima unategemea kazi yao.

Ubunifu huu ulipata soko lake pale Mfereji wa Suez ulipofungwa kutokana na vita vya 1967, na kubaki umefungwa hadi 1975. Mafuta ya Ghuba yaliyokwenda Ulaya yalilazimika kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na safari ndefu ililipa tu kwa meli kubwa. Mwaka 1968 meli Universe Ireland iliingia kazini ikiwa na uwezo wa kubeba zaidi ya tani 300,000. Bandari nyingi za dunia hazikuwa na kina cha kuipokea meli kama hiyo, na kuzichimba kungechukua miaka na fedha nyingi. Boya lingeweza kuwekwa pale kina kilipo tayari.

Afrika Kusini ililiweka lake mwaka 1970 karibu na Isipingo, kusini mwa Durban, na sehemu kubwa ya mafuta ghafi ya nchi hiyo yakapitia hapo. Oman, iliyosafirisha shehena yake ya kwanza ya mafuta mwaka 1967 kutoka Mina al Fahal karibu na Muscat, hupakia meli kwenye maboya hadi leo. Marekani ilifungua kituo cha aina hiyo mwaka 1981, umbali wa takriban kilomita 29 kutoka pwani ya Louisiana.

Katika Bahari ya Kaskazini boya lilikua likawa ghala. Brent Spar, lililowekwa mwaka 1976, lilikuwa mnara wa kuelea wenye urefu wa mita 147, sehemu kubwa ikiwa chini ya maji, na tumbo la kuhifadhi mapipa 300,000. Liliacha kutumika mwaka 1991. Shell, kwa idhini ya serikali ya Uingereza, ilipanga kulizamisha katika kina cha Atlantiki. Mwezi Aprili 1995 wanaharakati wa Greenpeace walipanda juu yake, wateja nchini Ujerumani wakasusia vituo vya mafuta vya kampuni hiyo, na tarehe 20 Juni mpango ukafutwa. Baadaye Greenpeace ilikiri kwamba makadirio yake ya mafuta yaliyobaki ndani yalikuwa makubwa mno, ikaomba radhi. Hata hivyo, kukataa kuifanya bahari jalala kulikuwa sahihi. Mnara ulikatwa vipande nchini Norway, vikatumika kujenga gati huko Mekjarvik, na mwaka 1998 nchi za Atlantiki ya Kaskazini Mashariki zikakubaliana kupiga marufuku utupaji wa mitambo kama hiyo baharini, isipokuwa kwa vighairi vichache.

Tanzania iliingia katika historia hii kwa sababu za kijiografia na za kisiasa. Bandari ya Dar es Salaam imo ndani ya hori lenye mlango mwembamba, na gati la mafuta la Kurasini hupokea meli za ukubwa wa kadiri tu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilipoanza Kigamboni mwaka 1966, Zambia ilikuwa imebanwa: utawala wa walowezi wa Rhodesia ulikuwa umejitangazia uhuru Novemba 1965, na njia ya mafuta ya kusini ikafungwa. Mafuta yalipelekwa Zambia kwa ndege na kwa malori yaliyopita barabara mbovu za udongo. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Lilianza kwa kubeba mafuta yaliyosafishwa, kisha mafuta ghafi baada ya kiwanda cha Indeni kufunguliwa Ndola mwaka 1973.

Bomba la namna hiyo lilihitaji mlango wa baharini unaolingana nalo, na mlango huo ni boya la Mjimwema, upande wa Kigamboni. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania iliweka boya jipya lenye uwezo wa kupokea meli za hadi tani 150,000. Siku hizi hupitisha dizeli kwa wingi, kwa kuwa TIPER imebaki kituo cha kuhifadhi mafuta, na TAZAMA nayo imegeuzwa kusafirisha dizeli baada ya Indeni kuacha kusafisha mafuta ghafi.

Kasoro iliyobaki iko nchi kavu. Meli kubwa ikishafungwa Mjimwema, mafuta yake hugawanywa kwenye maghala ya kampuni nyingi, na uchache wa nafasi huifanya meli isubiri huku gharama za kuchelewa zikipanda. Gharama hizo humfikia mnunuzi wa lita moja ya dizeli, awe Mbagala au Ndola. Ndiyo sababu ujenzi wa matangi 15 ya pamoja huko Kigamboni, yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000 kwa jumla, ni sehemu ya kazi ya boya lenyewe: bila matangi ya kutosha, boya la tani 150,000 halitumiki kwa uwezo wake wote.