Kipumuo, Si Nusu Kusimama

Lugha yetu inaikumbuka hatamu kwa jambo moja tu: mamlaka. Anayeshika hatamu ndiye anayetawala, na wengi wetu tumekua tukisikia kwamba chama kimeshika hatamu. Ndiyo maana Mswahili akianza kusoma habari za kufunza farasi, huyatafuta mazungumzo yote ya mpandaji na mnyama katika ile mikanda miwili inayotoka kwenye lijamu hadi mikononi. Hapo ndipo istilahi ninayotaka kuieleza inapoharibika.

Waingereza huiita "half-halt". Wafaransa husema demi-arrêt, Wajerumani halbe Parade. Wote wametia humo nusu na kusimama. Ni jambo la zamani: François Robichon de la Guérinière, aliyeongoza shule ya farasi ya Tuileries mjini Paris, alilieleza katika kitabu chake École de Cavalerie, miaka ya 1730. Ukiifasiri neno kwa neno unapata "nusu kusimama", na mwanafunzi atatenda kama maneno yanavyomwagiza. Atavuta hatamu. Farasi atapunguza mwendo, atainua kichwa, atakaza shingo na mgongo, na miguu yake ya nyuma itabaki nyuma. Kilichokusudiwa ni kinyume kabisa cha hayo.

Farasi akisimama bila mtu mgongoni, takriban asilimia 60 ya uzito wake huwa juu ya miguu ya mbele. Mpandie, na mzigo wa mbele unaongezeka. Mnyama anayekwenda hivyo ni kama mtu anayeteremka ngazi ameinama: kila hatua anaikimbilia ili asianguke. Mpandaji anataka sehemu ya uzito huo irudi nyuma, mabega yawe mepesi, ili farasi aweze kugeuka, kubadili mwendo au kusimama bila kujikwaa. Kwa hiyo hukaa wima, akashusha pumzi, akakaza misuli ya kiuno kidogo tu. Miguu yake huubana ubavu taratibu ili ile ya nyuma ya farasi iingie chini ya tumbo. Vidole hufumba juu ya hatamu, kisha hufumbuka. Yote huisha kwa muda wa hatua moja. Kule kufumbuka ndiko kunakofundisha, kwa sababu farasi hujua amejibu sawasawa pale tu anapoachiwa. Asiyeachia amekwisha kuyaua mazungumzo.

Katika dresaji (ufundi wa kumfunza farasi kwa mpandaji) ya Kimarekani, ile inayotumia tandiko la wachunga ng'ombe, hatamu yenyewe ina kazi ndogo zaidi. (Siiti "dresaji ya Kimagharibi", maana msomaji atadhani ni ya Ulaya, na Magharibi inayotajwa ni ile ya Marekani, nyanda za ng'ombe.) Mchezo huu ulipata chama chake nchini Marekani mwaka 2010, lakini mizizi yake ni ya wachungaji wa Mexico na California, ambao mkono mmoja ulikuwa na hatamu na wa pili ulikuwa na kamba ya kunasia ng'ombe. Farasi wao walizoea kugeuka kwa kuguswa shingo na hatamu iliyolegea. Mpandaji wa namna hiyo akitaka kumtayarisha farasi kwa kona, hana nafasi ya kuvuta. Lazima aseme kwa kiuno, kwa mapaja na kwa pumzi. Na farasi anasikia. Ngozi yake huhisi inzi mmoja akitua, ikatikisika mahali palepale.

Sasa neno. Katika sarufi tunazo alama mbili ambazo kila mtoto wa shule anazijua: kituo, ambacho wengine hukiita nukta, na kipumuo, yaani mkato. Kituo hufunga sentensi. Kipumuo hakifungi kitu. Humpa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi, akajua kwamba bado kuna neno linakuja, akalipokea akiwa tayari. Hiyo ndiyo kazi hasa ya jambo tunaloliongelea. Kusimama kabisa kwa farasi, miguu minne imetulia, ni kituo. Kumtayarisha kabla ya kona, kabla ya kuingia katika mwendo wa matiti au kutoka humo, ni kipumuo. Hata shairi letu la mizani 16 hupumua katikati, baada ya 8 za kwanza, na hakuna anayesema kwamba mstari umesimama nusu.

Nimetaja matiti makusudi. Watu wa pwani, waliozoea punda, walikuwa na jina la mwendo huo wa haraka wa hatua fupi zamani kabla ya yeyote kutafuta istilahi za dresaji. Vilevile shoti, kwa mbio zenyewe. Maneno haya yamo katika kamusi na yanangoja kutumiwa.

Kwa zile njia zote ambazo mpandaji huzungumza nazo, yaani kiti, miguu, mikono na sauti, Waingereza na Wafaransa hutumia neno lenye maana ya msaada. Kwetu "misaada" inaleta picha ya magunia ya unga. "Amri" nayo ni kali mno. Napendelea madokezo: anayedokeza hasemi yote, humwachia mwenzake alimalizie.

Basi nawaomba wafasiri wa vitabu vya farasi waandike kituo na kipumuo, na nusu kusimama waiache. Na wewe unayemfundisha mtu kupanda, usianzie mikononi mwake. Mwambie kwanza ashushe pumzi.