John Mellencamp, Mwana wa Seymour

Mchoro huu wa ukutani wa mwaka 2019 unamwonyesha mwanamuziki John Mellencamp mara mbili: kijana, kisha mtu mzima. Alizaliwa hapa Seymour, Indiana, tarehe 7 Oktoba 1951.

Albamu yake ya kwanza, *Chestnut Street Incident* (1976), imebeba jina la mtaa wa mji huu. Ilitoka kwa jina la Johnny Cougar, alilobandikwa na meneja wake.

Mwaka 1982 wimbo wake “Jack & Diane” ulishika namba moja Marekani. Mwaka 1985 yeye, Willie Nelson na Neil Young walianzisha Farm Aid, tamasha la kuwasaidia wakulima waliolemewa na madeni.

Umaarufu haukumng’oa: aliendelea kuishi Indiana. Ndiyo maana picha yake iko hapa.