Mfupa ulioungua unamtambulishaje marehemu? Mambo 5 ya kujua

Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, Kenya. Wanafunzi 21 walifariki. Miili mingi haikutambulika kwa macho, hivyo wazazi wakalazimika kusubiri majibu ya DNA.

Lakini mfupa uliopita motoni unabaki na nini cha kusema?

1. Ni wa mtu kweli?
Hili ndilo swali la kwanza. Kipande kidogo kinaweza kuwa cha mbuzi au ng'ombe. Umbo likiwa limepotea, mtaalamu hutazama kipande chembamba kwa hadubini. Mfupa wa ng'ombe mara nyingi umepangika kama ukuta wa matofali, mpangilio ambao ni nadra kwa mtu mzima.

2. Rangi inaongea
Mfupa huanza kuwa wa kahawia, kisha mweusi, kijivu na mwisho mweupe. Weusi huanza karibu nyuzi joto 300, weupe huja moto ukipita takriban 700. Muda na hewa pia vinachangia. Mfupa mweupe umebaki madini matupu na umesinyaa, hivyo kukadiria urefu wa marehemu kunakuwa kazi ngumu.

3. DNA haiungui yote kwa pamoja
Mfupa wa kahawia bado una matumaini. Mweusi, nafasi inapungua sana. Mweupe, kwa kawaida hakuna kitu. Ndiyo maana wataalamu hutafuta sehemu zilizokingwa na nyama nyingi, kama paja na nyonga, au mizizi ya meno iliyo ndani ya taya.

4. Meno na vyuma
Jino lililozibwa hulinganishwa na rekodi za daktari wa meno. Bamba la chuma lililowekwa mguuni baada ya ajali huweza kuwa na namba inayoonyesha lilikotoka. Tatizo ni moja: wengi wetu hatuna rekodi hizo.

5. Moto haufuti kila kitu
Kuna wanaochoma mwili ili kuficha mauaji. Lakini alama ya kisu au panga kwenye mfupa inaweza kubaki hata baada ya moto. Kazi ya mtaalamu ni kuitofautisha na nyufa za joto.

Wewe ufanye nini?
Ukifika eneo la moto, usifagie wala kuokota chochote. Mfupa ulioungua huvunjika kirahisi kama chaki, na mahali ulipolala ni ushahidi.

Kama umepotelewa na ndugu, mzazi au mtoto wa damu wa marehemu ndiye anayefaa zaidi kutoa sampuli. Ni kupanguswa tu ndani ya shavu. Kusubiri kunauma, lakini mabaki yakichanganywa, familia mbili zinaweza kuzika mtu asiye wao.