Programu za wavuti: njia mbadala kwa wafanyabiashara wa Kampala

Programu ya wavuti, inayojulikana kwa kifupi kama PWA, ni tovuti inayoweza kuwekwa kwenye simu na kutumika kama programu ya kawaida bila kupitia duka la Google Play wala la Apple. Jina hilo lilibuniwa mwaka 2015 na Frances Berriman na Alex Russell.

Inavyofanya kazi

Mteja hufungua tovuti katika kivinjari, kisha huchagua kuiweka kwenye skrini ya mwanzo. Faili ndogo ya maelekezo hubaki ndani ya simu na kuhifadhi kurasa zilizokwisha kupakuliwa. Mtandao ukikatika, orodha ya bidhaa bado husomeka. Sharti tovuti itumie anwani salama ya HTTPS.

Gharama

Mwenye duka Kikuubo anayetaka programu za kawaida za Android na iPhone mara nyingi hulipia kazi mbili. Aidha, Google hutoza dola 25 mara moja ya kujiandikisha, na Apple dola 99 kila mwaka. PWA moja hufunguka kwenye simu zote mbili.

Mteja naye hupata nafuu. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwa data za intaneti, hivyo kila megabaiti ina uzito. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa PWA ya Jumia Travel ilitumia data pungufu mara 5 kuliko programu yake ya Android, na nafasi pungufu mara 25 kwenye simu.

Mipaka yake

• Simu za kawaida za vitufe haziifungui. Wateja hao bado huhudumiwa kwa namba za mkato, kama *165# ya MTN na *185# ya Airtel.

• Malipo hayakamiliki bila mtandao.

• Kwenye iPhone, taarifa za papo hapo zilianza mwaka 2023 kwa toleo la iOS 16.4, na ni kwa PWA iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo tu.

• Taarifa zilizohifadhiwa huweza kupitwa na wakati. Kwa anayevuka Busia au Malaba, kiwango cha jana cha kubadilisha shilingi kinaweza kumla faida yote.

Kwa hiyo, unapoagiza PWA, mtake fundi aonyeshe kando ya kila bei tarehe na saa ilipopakuliwa mara ya mwisho.