Mtu na Mto kwa Maandishi Yaleyale

Mapadri Weupe walipoanzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883, mahali ambapo leo ni wilaya ya Misungwi, Kiswahili kilikuwa kimeshafika kusini mwa Ziwa Victoria kwa misafara iliyopitia Tabora. Barua za wafanyabiashara wa misafara ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wamisionari walikuja na za Kilatini, na mmoja wao, Mprotestanti Alexander Mackay, akaja na mtambo wa kuchapia, ambao alikuwa nao Usambiro, kusini mwa ziwa hilo, alipofariki kwa homa Februari 1890. Mashine ilikuwa imeshachagua upande.

Herufi za Kiarabu hazikuwa ngeni kwa Kiswahili. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zinazotunzwa Goa, ziliandikwa kwazo. Tatizo lilikuwa hesabu: Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, Kiswahili kina irabu tano. Mtu na mto vikaandikwa sawasawa! Na kwa kuwa Kiarabu hakina p, hata pata na bata vilifanana; msomaji aliamua kwa maana ya sentensi.

Waswahili wenyewe walilishughulikia jambo hili. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimsaidia mmisionari William Taylor kurekebisha herufi hizo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1997 Yahya Ali Omar, naye wa Mombasa, akachapisha pamoja na P. J. L. Frankl mapendekezo ya mfumo kamili.

Kompyuta ilileta kazi nyingine. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, na mstari huanzia kulia. Programu isiyojua hayo huzitawanya herufi, na fonti isiyo na umbo linalotakiwa huonyesha kisanduku kitupu. Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi namba uliotoka mwaka 1991, ulizipa herufi hizo nafasi zake, na hapo Kiswahili kilipata urithi wa majirani wa Waarabu: پ na چ za Waajemi zafaa kwa p na ch, ڤ ya Wakurdi kwa v. Kevin Donnelly akatengeneza Andika!, programu inayobadilisha Kiswahili kutoka hati moja kwenda nyingine.

Wakurdi walikwenda mbali zaidi, wakazipa o na e herufi zao, ۆ na ێ. Mombasa haina desturi hiyo, lakini anayeandika Kiswahili kwa kibodi ya Kikurdi anaweza kuutenga mto na mtu kwa kubonyeza mara moja.