La Vie est Belle: kicheko cha Zaïre ya mwaka 1987

Bandugu, tukiongea historia ya Zaïre tunataja paka Mobutu, deni na vita. Mimi ninaomba tuongeze filamu moja ya mapenzi yenye kuchekesha: La Vie est Belle, ya mwaka 1987.

Waliiongoza watu wawili: Benoît Lamy, Mbelgiji, na Mwezé Ngangura. Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950, kule mwisho wa ziwa letu, halafu akaenda kusomea sinema Ubelgiji. Hapa Majengo vijana mingi wanafikiri ile filamu ni mambo ya Kinshasa tu. Kumbe mtoto wa Kivu alikuwa nyuma ya kamera.

Hadithi ni nyepesi. Kourou, mwanamuziki maskini, anatoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta vyombo vya umeme. Anakuwa boyi wa tajiri mmoja, na wote wawili wanampenda Kabibi. Tunacheka, lakini ndani ya kile kicheko kuna Article 15: ujipange mwenyewe, hakuna wa kukusaidia. Mwaka 1983 pesa ya Zaïre ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa mara moja. Jina la filamu lenyewe ni mzaha wa watu waliokuwa wanatafuta chakula cha siku.

Anayecheza Kourou ni Papa Wemba. Yeye na vijana wenzake walianzisha Zaïko Langa Langa mwezi wa Desemba 1969. Lile ndilo lilikuwa wimbi jipya: tarumbeta na saksofoni pembeni, gitaa na ngoma mbele. Mwaka 1977 akaunda Viva La Musica. Alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akafariki.

Mimi nimesoma agronomia, kwa hiyo ninaangalia pia kijiji alichoacha Kourou. Yeye alitoka juu ya ndoto. Leo wengi wanaoingia Goma wanatoka juu ya masasi, na mashamba yao yanabaki bila mtu. Ndiyo maana ile filamu inatushika roho: inaonyesha wakati kijana aliweza kuchagua kuondoka. Lakini tusidanganyike kusema zamani maisha yalikuwa mazuri tu.

Wenye wazazi walioiona wakati ule, muwaulize: mulicheka nini, na siku ile mulikula nini?